Skini ya bastola: anza na ile unayoishika kila mechi
Kama pesa yako ya kununua skini (rangi na michoro ya kupamba silaha mchezoni) ni ndogo, usikimbilie ya bastola ya Desert Eagle. Kwenye Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, anza na skini za Glock-18 na USP-S. Ndizo bastola za kuanzia, na utakutana nazo raundi ya 1, raundi ya 13 (nusu ya pili ikianza), na kila raundi ambayo timu imefulia.

Halafu usinunue kwa picha ya sokoni. Picha inakuonyesha ubavu, wakati mchezoni unatazama zaidi mgongo wa bastola. Ikague humo humo kwenye mchezo, uzungushe, uitazame kwenye mwanga na kwenye kivuli. Kwa USP-S angalia sana kizuia sauti, maana kinachukua nafasi kubwa mbele ya macho yako.

La muhimu zaidi ni namba ya uchakavu wa skini, kuanzia 0 (mpya) hadi 1 (imechakaa). Haipandi hata ukicheza miaka. Daraja la uchakavu liitwalo Field-Tested linaanza 0.15 hadi 0.38, kwa hiyo skini mbili za jina moja zinaweza kupishana kabisa: moja inang'aa, nyingine imechubuka. Tafuta iliyo karibu na 0.15.