Magugu kwenye ardhi ya mgodi uliofukiwa: anza na lundo la udongo

Msimu wangu wa kwanza kusimamia ardhi iliyofukiwa baada ya uchimbaji, niliingia vitani na gugu karoti (Parthenium, gugu vamizi la maua meupe) likiwa limeshafika kiunoni. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka, wala si wiki. Mbegu zilikuwa kwenye udongo wa juu uliolundikwa kando wakati shimo linachimbwa. Lundo lilikaa wazi, magugu yakaota, yakapukutisha mbegu, kisha sisi wenyewe tukaupakia udongo ule kwenye malori na kuumwaga kila mahali. Tulipanda gugu karoti kwa mashine.

Basi kama lundo lako bado halijasambazwa, kazi ianzie hapo. Liotesheni nyasi mapema, na mvua zikianza lipitieni kila baada ya wiki tatu. Nasema tatu kwa sababu gugu hili linaweza kuchanua wiki nne hadi sita tu tangu liote, na mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 15,000.

Ng'oeni udongo ukiwa na unyevu, mzizi utoke wote, kabla ya maua meupe kuonekana. Kufyeka ni kujidanganya: kisiki huchipua upya na kuchanua kikiwa kifupi, pale usipokiona. Vaeni glovu, mikono mirefu na barakoa. Mmea huu huwasha ngozi vibaya na chavua yake huamsha pumu. Mwenzetu mmoja aliyedharau glovu alivimba mikono hadi akashindwa kushika jembe. Yaliyokwisha kuchanua yatieni kwenye mifuko, msiyaburute shambani.

Mathenge, ule mti vamizi wenye miiba (Prosopis), ni habari nyingine. Kwenye ardhi ya kawaida ningesema fukua, ukate mzizi sentimita 30 chini, kwa kuwa macho ya kuchipua yamejificha chini ya uso wa udongo. Lakini kama chini kuna mabaki ya mgodi yaliyofunikwa kwa tabaka la udongo, kuchimba hivyo kunaweza kutoboa tabaka lenyewe. Hapo nakata shina karibu kabisa na ardhi na kupaka kisiki triklopiri, dawa ya kuua miti na vichaka, papo hapo, kabla jeraha halijakauka. Kwenye miteremko ya kifusi pia nafanya hivyo, maana kila shimo la jembe ni mwanzo wa korongo.

Kuhusu kupuliza dawa, nikiri kosa langu. Nilijaza bomba la mgongoni maji ya bwawa la shimoni, yana rangi ya chai ya maziwa, nikachanganya glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Wiki mbili baadaye magugu yalikuwa yananicheka. Glaifoseti hunaswa na chembe za mfinyanzi, na hata maji maangavu yenye chokaa au chuma kingi huipunguza nguvu. Tumia maji safi, asubuhi isiyo na upepo, kwenye majani mabichi yasiyo na vumbi. Mmea ulionyauka kwa kiu haunyonyi dawa vizuri. Tena glaifoseti haichagui, itaua na nyasi ulizozipanda. Penye nyasi zilizoshika, dawa nyingine iitwayo 2,4-D hulenga magugu ya majani mapana na kuziacha. Fuata kipimo cha kwenye lebo.

Palipong'olewa pasilale wazi. Panda nyasi siku hizo hizo, mchanganyiko wa zinazoota haraka na zinazodumu, na usimwage mbolea ya naitrojeni kwa pupa: magugu huila kwanza. Chunguza mbegu na majani makavu ya kutandaza kabla hayajashuka kwenye gari. Matairi na buti zioshwe getini. Mimi hutembea na brashi ndogo mfukoni, na vijana wananicheka.

Kisha rudi kila mvua, uanzie kingo za barabara na mifereji. Mbegu zilizofukiwa hubaki hai miaka kadhaa. Jana tu nimekuta miche sita kando ya mfereji niliodhani nilishaumaliza.