Kabla ya kununua lenzi ndefu, hesabu milimita zako
Kama una lenzi ya kamera ya milimita 70-300 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi) na unawaza kuhamia 150-600 kwa ajili ya kupiga picha za ndege, usianzie dukani. Fungua picha zako 100 za mwisho za porini, tazama kwenye taarifa za kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi, uhesabu ngapi ulipiga ukiwa umevuta hadi mwisho. Nilipofanya hivyo juzi, tembo na simba wa Ngorongoro walikuwa wametawanyika kati ya 100 na 250. Ndege karibu wote 300, na bado nilizikata kingo picha zao ili waonekane wakubwa. Picha zikirundikana mwishoni, unahitaji urefu: kutoka 300 kwenda 600 ndege anakua mara mbili kwa upana na kimo. Zikikaa katikati, pesa hiyo weka kwenye lenzi inayoingiza mwanga mwingi, kwa alfajiri na magharibi. Hesabu hii inaweza kukudanganya kama picha zote ni za mbuga moja. Na kama tatizo ni picha za saa saba mchana, hewa ya moto ikicheza juu ya nyasi, milimita 600 zitakuza mtetemo uleule tu. (Uzito nao: nyingi za 150-600 zinakaribia kilo 2. Garini, mfuko wa mchele dirishani unatosha kuegemeza lenzi. Kwa miguu, bega litakwambia.)