Kubadilisha impela ya pampu ya maji kwenye injini ya boti ya kupachika

Kinachozuia injini ya boti isichemke ni kigurudumu cha mpira kinachoenea kiganjani, chenye mapezi sita au zaidi. Kinaitwa impela. Kinakaa juu ya giaboksi, kinazungushwa na shafti ile ile inayozungusha propela, na kazi yake ni kuvuta maji kupitia matundu ya pembeni na kuyasukuma hadi kwenye silinda. Impela ni ya bei ndogo ukiilinganisha na kichwa cha silinda kilichopinda au pistoni iliyokwaruzwa, na mtu yeyote mwenye seti ya spana na nusu siku anaweza kuibadilisha. Kwa boti ya matembezi, inayolala muda mrefu bila kuwashwa, ibadilishe kila mwaka, au mara moja kila miaka miwili ikiwa kitabu cha injini kinaruhusu. Usihesabu saa za kazi peke yake. Mpira huharibika hata ukiwa umelala, kwa sababu mapezi ya upande mmoja hubaki yamekunjwa dhidi ya ukuta wa kikasha cha pampu na mwishowe hayanyooki tena.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye tundu la kuonyeshea maji, lile linalotoa mchirizi nyuma ya injini. Mchirizi ukiwa mwembamba kuliko kawaida, ukikatika injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, au maji yakitoka ya moto kiasi cha kutoshikika, zima injini. Kabla ya kulaumu pampu, chokonoa tundu hilo kwa kipande cha mshipi mnene wa nailoni, maana chumvi, mchanga na wadudu wajengao kwa udongo hupenda kuliziba. Usitumie waya mgumu. Utatoboa mpira ulio nyuma yake. Tundu likiwa safi na maji bado hayatoki vizuri, fungua mguu wa injini, yaani sehemu ya chini yenye giaboksi na propela.

Vifaa

Nunua seti nzima ya pampu, usinunue impela peke yake. Seti nzuri ina impela, kii (kipande kidogo cha kuishika impela kwenye shafti), pamoja na gasketi, oringi na sili za kuzuia uvujaji, na mara nyingi sahani ya chini na kikombe cha chuma cha ndani ya kikasha. Agiza kwa namba ya modeli na namba ya injini iliyoandikwa kwenye mabano ya kufungia botini, kwa sababu injini mbili za nguvu moja zinaweza kuwa na impela tofauti. Andaa pia spana na soketi, bisibisi bapa, grisi ya baharini isiyosombwa na maji, oili ya kupenyeza kwenye kutu, brashi ya waya, oili ya gia ya baharini, washa (pete za kuzuia uvujaji) mpya za plagi za oili, yaani vizibo vya giaboksi, na pampu ndogo ya kujazia oili.

Kushusha mguu wa injini

Chomoa waya wa betri na nyaya za plagi za kuwashia. Usiruke hatua hii: utakuwa unazungusha shafti kwa mkono, na injini iliyobaki na moto kwenye plagi inaweza kushika. Weka gia mahali kitabu kinaposema. Injini nyingine hutaka gia ya mbele, nyingine ya nyuma, nyingine huru. Ukishashusha mguu, usiguse tena mkono wa gia, la sivyo fimbo ya gia haitakutana sawasawa wakati wa kurudisha.

Bolti zinazoshika mguu kwa kawaida ni nne hadi sita. Mara nyingi moja hujificha chini ya kile kibapa cha chuma kilicho juu ya propela, na ndiyo inayowafanya watu wengi wagonge nyundo bure wakidhani mguu umekwama kwa kutu. Kabla ya kutoa kibapa hicho, chora alama ya mkao wake kwa kalamu ya rangi. Pembe yake ndiyo inayozuia usukani usivute upande mmoja. Kwenye injini nyingine fimbo ya gia hufunguliwa kwanza kupitia kitundu kilichofunikwa kwa mpira ubavuni mwa injini, na kwenye nyingine huachana yenyewe mguu unaposhuka. Soma kitabu kabla ya kuvuta.

Bolti iliyogandishwa na chumvi usiilazimishe. Ipulizie oili ya kupenyeza, iache usiku kucha, igonge kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa, kisha izungushe nusu robo kukaza na nusu robo kulegeza, mpaka iachie. Ikigoma bado, futa oili yote uliyopulizia, chukua injini mbali na tangi la mafuta, na upashe moto alumini inayoizunguka. Alumini hutanuka zaidi ya chuma, na hapo ndipo bolti hupata nafasi. Ukisikia bolti inajisokota kama mpira badala ya kuzunguka, simama hapo hapo. Kutoa bolti iliyokatikia ndani ya alumini ni kazi kubwa kuliko pampu nzima.

Bolti zote zikitoka, mguu hushuka wima. Kwa injini za kati na kubwa, uwe na mtu wa kuupokea. Usiubembeze kushoto na kulia, kwa sababu shafti ndefu na bomba la maji bado vimo ndani.

Kufungua pampu

Fungua bolti za kikasha cha pampu, kisha kinyanyue taratibu kwa bisibisi mbili pande zote kwa pamoja, huku mwenzako akisukuma shafti chini ili isichomoke kwenye gia. Impela ya zamani ikitoka, iweke kwenye mwanga na uihesabu pezi moja moja. Pezi lililopinda na kubaki limepinda linaonyesha mpira uliozeeka. Ncha zilizong'aa, ngumu, zilizoungua ni za injini iliyowashwa bila maji; sekunde chache tu zinatosha kuzifanya hivyo. Kama pezi zima au kipande kimekosekana, kitafute. Kipande hicho hakikuyeyuka. Kimepanda na maji na kukwama kwenye bomba, kwenye themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) au kwenye njia nyembamba za silinda. Ukifunga impela mpya bila kukitoa, maji yatasukumwa vizuri na injini itachemka vile vile. Puliza maji ya hozi kutoka juu ya bomba kurudi chini, fungua themostati, angalia nyuma yake.

Ukishafungua themostati, ipime kabisa. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Nyingi za injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, na namba yake huwa imepigwa kwenye chuma. Isipofunguka, au ikibaki wazi maji yakipoa, weka mpya.

Pitisha ukucha kwenye sahani ya chini na kwenye kikombe cha kikasha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, badilisha. Hapa watu hubana matumizi, halafu wanashangaa mchirizi bado dhaifu: impela mpya haiwezi kushika maji dhidi ya sahani iliyochimbika, kwa kuwa maji hurudi nyuma kupitia mifereji hiyo.

Kufunga

Safisha mabaki yote ya gasketi, lakini usikwaruze alumini. Weka gasketi na sahani mpya. Bandika kii mpya kwenye shafti kwa tone la grisi ili isidondoke, na ushushe impela juu yake hadi ikae. Paka ndani ya kikombe grisi kidogo au maji ya sabuni. Impela kavu huungua kwenye mizunguko ya kwanza kabla maji hayajafika. Sasa shusha kikasha huku ukizungusha shafti polepole mwelekeo wa saa, ukitazama kutoka juu, na mapezi yatalala upande unaotakiwa. Baada ya hapo usizungushe shafti kinyume. Kaza bolti kwa zamu, za mshazari kwanza, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Kikasha cha plastiki hupasuka upesi.

Badilisha pia mpira unaopokea bomba la maji juu ya kikasha. Mpira huo ukivuja, pampu itafanya kazi yote na maji yataishia ndani ya mguu.

Paka grisi meno ya shafti ubavuni tu. Futa kabisa grisi iliyoko kwenye ncha ya juu. Grisi ikinaswa pale juu haina pa kutokea. Mguu ukipandishwa, shafti hushindwa kuingia hadi mwisho na kusukuma shafti kuu ya injini, na beringi hulipa gharama.

Pandisha mguu wima, ukilenga vitu vitatu kwa wakati mmoja: bomba la maji, fimbo ya gia na meno ya shafti. Meno yakikataa kukutana, mwenzako azungushe kidogo gurudumu la juu la injini mwelekeo wa saa. Mguu unapaswa kukutana na mwili wa injini kwa mkono. Ukiuvuta kwa kukaza bolti, utapasua kitu. Paka kila bolti grisi kabla ya kuirudisha, ili safari ijayo isikutese.

Oili ya gia

Ibadilishe siku hiyo hiyo. Fungua plagi ya chini, kisha ya juu, na uangalie kinachotoka. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, na mara nyingi mkosaji ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela na kukata sili. Toa propela uangalie. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya plagi ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida, na hapo giaboksi inahitaji kufunguliwa.

Jaza kupitia tundu la chini, ili hewa ipande na kutoka. Injini za nguvu za farasi 15 hadi 40 kwa kawaida huchukua kati ya robo lita na nusu lita. Oili ikitoka juu bila mapovu, funga plagi ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka. Weka washa mpya zote mbili.

Kujaribu

Hakikisha gia zote zinaingia kabla ya kuwasha: mbele, huru, nyuma. Toa propela, vika matundu ya maji vikombe vya kuoshea injini, fungua hozi, kisha washa kwa mzunguko wa chini tu. Mchirizi utokee ndani ya nusu dakika. Usipotokea, zima, na uangalie kwanza kama bomba la maji limekaa kwenye mpira wake, kwa sababu ndilo linalokosea njia mara nyingi. Ukitokea, acha injini iendeshe dakika 10, uguse maji yake: yawe vuguvugu, na mchirizi usiyumbe hata pale themostati inapofunguka.