Kabla hujasema ikwesheni ya kemia imebalansi, kagua haya

Anza na fomula zenyewe, ukikosea fomula hata ubalansi vipi ni kazi bure. Oksijeni, haidrojeni, naitrojeni na klorini zikiwa zenyewe zinatembea mbilimbili, ukiandika O peke yake ushaharibu.

Vile vinamba vya chini usiviguse! Kwenye H₂ + O₂ → H₂O mkono unawasha uandike H₂O₂ ili oksijeni zitimie, hapo hujabalansi kitu, umeandika dawa ya kusafishia vidonda badala ya maji. Namba inakaa mbele tu.

Mabano nayo, Al₂(SO₄)₃ ina oksijeni 12, sio 4 wala 7.

Sasa hii ndo ilinichapa: chaji. Mimi nilikuwa nahesabu atomi tu, zikilingana natia tiki nasonga. Siku hiyo maabara tunatafuta kiasi cha chuma kwa taitresheni ya pamanganeti (ile MnO₄⁻, unaidondosha kidogo kidogo toka kwenye bureti mpaka chuma chote kimalize kumenyuka), nikaandika fasta MnO₄⁻ + Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + Fe³⁺ + 4H₂O. Hesabu mwenyewe, manganizi 1 kwa 1, chuma 1 kwa 1, oksijeni 4 kwa 4, haidrojeni 8 kwa 8, safi kabisa. Bureti nikasoma vizuri, ile pinki ilipogoma tu kupotea nikafunga palepale, nikarudia mara tatu namba zinafanana, nikajua leo nimeua. Jibu likatoka sehemu moja ya tano ya linalotakiwa. Nikalaumu pipeti, nikalaumu maji, nikamlaumu hadi mwenzangu wa meza moja (samahani sana). Kumbe kushoto chaji ni -1 +2 +8, yaani +9, kulia +2 +3, yaani +5, sasa hizo 4 zimeenda wapi? Chuma kinatoa elektroni 1, pamanganeti inataka 5, kwa hiyo ni 5Fe²⁺ na 5Fe³⁺, inakuwa +17 kwa +17. Ukiona kialama cha chaji popote, jumlisha kila upande kabla hujashika kalkuleta.

Nusu ikibaki, mfano 3½O₂ ya kuunguza C₂H₆, zidisha kwa 2 namba zote, sio hiyo moja tu.

Na kubalansi sio kwamba inatokea kweli. Cu + H₂SO₄ → CuSO₄ + H₂ atomi zote zimekaa sawa, ila tumbukiza shaba kwenye asidi hiyo iliyozimuliwa usubiri povu, utakaa hapo mpaka jioni.