Kabla Hujasema Diski Imekufa: Mambo ya Kuzingatia Unapoweka Windows Upya

Umefika mahali pa kuchagua diski, programu inakuambia haijaona diski yoyote, na orodha iko tupu. Hapo ndipo watu wengi hutamka kwamba diski imekufa. Mara nyingi haijakufa. Inaniuma kuona mtu ametoka Bondo na laptopu mgongoni, nauli ya matatu ameshalipa, akifika Kisumu mjini anauziwa diski asiyoihitaji, huku ile ya zamani ikibaki kwenye meza ya fundi na picha na kazi zake zote. Tatizo hili lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa yenyewe hutayarishwa nyumbani kabla hujachomeka flashi.

Anza na kilichomo ndani ya diski. Kama laptopu bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili kazi zako kwenye diski ya nje leo hii. Mwanafunzi wa Maseno anayemalizia mradi wa mwaka wa nne, mweka hazina wa chama mwenye hesabu za wanachama, mwalimu mwenye alama za muhula: hakuna kati yao anayepaswa kumwachia fundi aamue kipi kibaki na kipi kifutwe. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalozuia data isisomwe bila ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Ukigusa mipangilio ya bayosi, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla mashine haijawaka tena. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Uandike kwenye karatasi mapema, maana kuutafuta ukiwa umesimama dukani, nywila umeisahau na laini uliyojisajilia ilishapotea, ni mateso.

Pia ijue mashine yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na ukurasa utakaofunguka upige picha kwa simu. Unachotafuta ni jina kamili la modeli na nambari ya prosesa. Ikiwa ni Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, kwa mfano i5-1135G7, ambapo ile 11 inafuata moja kwa moja baada ya kistari, kuna uwezekano mkubwa kwamba diski yako inasimamiwa na kidhibiti kiitwacho VMD. Flashi ya kuweka Windows mara nyingi haina draiva ya kidhibiti hicho, yaani programu ndogo ya kuiwezesha Windows kukitumia, kwa hiyo haioni diski iliyo chini yake. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamehamia laptopu za aina hii, na ndiyo maana kilio cha orodha tupu kimezidi.

Draiva hiyo ipakue kabla, kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, ukitafuta kwa jina la modeli. Mara nyingi huitwa Intel Rapid Storage Technology. Hapa wengi hukwama hata baada ya kufanya mengine yote sawasawa: wananakili faili la .exe kwenye flashi jinsi lilivyo. Programu ya kuweka Windows haina kazi nalo. Inataka mafaili yaliyomo ndani yake, yale yanayoishia kwa .inf na .sys. Kwa hiyo lifungue kwanza kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi. Ikiwa ni SetupRST ya Intel yenyewe, unaliendesha kutoka kwenye dirisha la amri ukiongeza neno -extractdrivers na jina la folda unayotaka. Folda nzima iweke kwenye flashi ile ile ya Windows. Ukifika kwenye orodha tupu, bonyeza Load driver, ielekeze kwenye folda hiyo, na diski itajitokeza papo hapo. Ukisubiri mpaka laptopu ya pekee nyumbani iwe haina Windows, draiva utaipakulia wapi?

Njia nyingine ni kuingia kwenye bayosi na kuzima VMD. Ukiwa unaanza upya kabisa na data umeshanakili, ni njia safi. Baadhi ya laptopu za Acer huficha kipengele hicho mpaka ubonyeze Ctrl na S ukiwa ndani ya bayosi. Lakini ukikizima huku unategemea Windows iliyopo iendelee kuwaka, utakutana na skrini ya buluu. Usishtuke ukaanza kufuta vitu. Rudisha mpangilio ulivyokuwa, kwa kawaida itawaka kama zamani.

Bayosi hiyo hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli wa diski, na kwangu hili ndilo jambo la kwanza kabla ya bisibisi kuguswa. Ingia humo kwa kubonyeza kitufe mashine inapoanza kuwaka, F2 kwa Dell, F10 kwa HP nyingi, F1 au F2 kwa Lenovo, usome kama jina la diski lipo. Likiwepo, basi umeme unafika na diski inajibu. Mara nyingi tatizo liko kwenye draiva au mpangilio. Lisipokuwepo, sasa ndipo useme habari za kebo, tundu au diski yenyewe. Fundi anayetangaza kifo cha diski bila kukuonyesha ukurasa huo, mwombe akuonyeshe. Ni haki yako.

Kwa mashine kuukuu, zile EliteBook na ThinkPad zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya, angalia pia tarehe kwenye bayosi. Ukikuta imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya bodi, CR2032 au ndugu yake, imekwisha. Betri hiyo ikiisha, mipangilio huweza kurudi ya kiwandani mashine ikikosa umeme kabisa, na kwenye mashine nyingi za Dell maana yake ni kwamba diski inarudi kwenye RAID hata kama jana uliiweka AHCI, njia mbili tofauti za mashine kuisimamia diski. Watu hubadilisha diski mara mbili kwa kosa la kibetri cha bei ya soda chache.

Ikiwa diski ni ya zamani, ya kuzunguka, weka sikio karibu inapowashwa. Inayozunguka vizuri hutoa mvumo mwembamba ulio sawa. Inayogonga tak, tak, tak, ikatulia, ikaanza tena, hiyo kweli inaumwa ndani. Izime na uache kuiwasha ovyo ikiwa bado unataka vilivyomo.

Ukilazimika kuagiza diski mpya, tuseme kutoka Luthuli Avenue Nairobi ije kwa basi, usiagize kwa kusema tu "ile nyembamba ya M.2". Kuna M.2 za SATA na kuna za NVMe, ambazo huzungumza na mashine kwa njia tofauti. Ukiishika mkononi, ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili kwenye ukingo wa dhahabu, ya NVMe mara nyingi ina moja, ila soma kibandiko usitegemee pengo peke yake. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja, skrubu ikakaza vizuri, na bado mashine isiione hata kidogo, kwa sababu tundu hilo linakubali aina moja tu. Pima na urefu: 2280 ni milimita 22 kwa 80, na kuna laptopu zinazokubali 2242 au 2230 pekee.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Betri ya laptopu iwe imejaa. Alasiri za Kisumu na Kakamega radi hupiga na stima hukatika bila taarifa, kwa hiyo kama kazi yako ni pamoja na kuboresha bayosi, ifanye asubuhi. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, bodi nzima yaweza kuharibika.

Mwisho, orodha ikishajaa, soma ukubwa kabla ya kubonyeza chochote. Diski ya GB 256 huonekana kama 238 hivi, ya 512 kama 476. Ukiona GB 14 au 28 peke yake, hiyo ni flashi yako yenyewe. Diski bado haijaonekana. Na ukifungua dirisha la amri kwa Shift na F10 uendeshe diskpart, programu ya kupanga diski, amri ya list disk huorodhesha tu na haina madhara, lakini clean hufuta mpangilio wote wa diski uliyoichagua bila kukuuliza mara ya pili.