ESP32 inamaliza betri? Kasi ya prosesa iache mwisho

Jirani yangu anapima kina cha maji kwenye simtank kwa ESP32, chipu ndogo ya kuprogramu yenye WiFi. Kila baada ya dakika 15 inaamka, inatuma kipimo kwa WiFi, inalala tena. Betri yake ya 18650 (lithiamu ya kuchaji) ilikuwa haifikishi wiki mbili. Dawa aliyojaribu ni ile ya wengi: kushusha kasi ya prosesa kutoka MHz 240 hadi 80. Inasaidia, lakini kidogo. Nilimpitisha kwenye mpangilio huu.

Hatua ya 1: Usingizi mzito (deep sleep)

esp_sleep_enable_timer_wakeup(900ULL * 1000000ULL);
esp_deep_sleep_start();

Basi. Kazi yote ikae kwenye setup(), sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja kila chipu ikiamka.

Hatua ya 2: Achana na bodi ya kujifunzia

Chipu ya ESP32 ikiwa kwenye usingizi mzito hula kama µA 10 (µA 1,000 ni mA 1). Bodi nyingi, hata hivyo, zina regulata (kipande cha kushusha voteji) ya AMS1117 ambayo peke yake humeza karibu mA 5, tena kuna taa nyekundu isiyozimika na chipu ya USB. Tuseme bodi nzima inakula mA 10 ikiwa imelala. Sekunde 896 za usingizi mara mA 10 ni mA-sekunde 8,960. Sekunde 4 za kuwa macho, kwa wastani wa mA 120, ni 480 tu. Betri ya mAh 2,500 itakata baada ya siku kumi hivi, na redio haihusiki sana na hasara hiyo.

Mimi hutumia moduli tupu ya ESP32-WROOM-32 na regulata ya HT7333, ambayo yenyewe hula µA chache. Mwisho wake ni mA 250, na redio ikituma kwa nguvu zote hufika mA 240, kwa hiyo kapasita ya µF 470 karibu kabisa na mguu wa 3V3 ni lazima.

Hatua ya 3: Pima ikiwa imelala

Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima. Unaweka mita kwenye µA, unaiunga kati ya betri na saketi, na ESP32 inaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Wengi hudhani moduli imeungua. Haijaungua. Kwenye µA mita huweka ukinzani wa ndani ambao mara nyingi ni kama ohm 100. Chipu ikiamka na kutaka mA 80, ukinzani huo ungehitaji volti 8 peke yake, na betri yako ina 3.7. Voteji inaporomoka, chipu inajiwasha upya, inaomba tena, inaporomoka tena.

Ukihamia mA, hali ni nafuu lakini WiFi ikiwaka voteji bado inaweza kushuka, au fyuzi ya mita ikakatika. Ukihamia A 10, saketi inafanya kazi vizuri ila mita ya bei chee inakuonyesha 0.00.

Fanya hivi: mita ikiwa kwenye µA, unganisha ncha zake mbili kwa waya mfupi wenye klipu. Washa. Umeme utapita kwenye waya, chipu itaamka na kutuma salama. Ikishalala, bandua klipu, usome, kisha uirudishe kabla haijaamka. Kujua imelala, tumia taa ya LED inayozimwa na programu mwishoni. Usitegemee Serial (ujumbe unaotumwa kwa kompyuta kupitia USB), maana kebo ya USB ikiwa imechomekwa saketi inakula umeme wa kompyuta na mita inakudanganya. Kingine: usizungushe kitufe cha mita katikati ya kipimo bila klipu. Ukikizungusha unakata umeme, na chipu inaanza upya.

Ukiona zaidi ya µA 100, tafuta kihisi kilichoachwa kikila umeme. Kikatie umeme kwa transista.

Hatua ya 4: Fupisha muda wa redio

Kuisaka ruta na kuomba anwani hula sekunde. Ita WiFi.config() kwa anwani ya IP ya kudumu, kisha ipe WiFi.begin() chaneli na BSSID (anwani ya redio) ya ruta. Ruta ikibadili chaneli huenda usiunganishwe, kwa hiyo weka kikomo cha sekunde chache, kisha isake kawaida.

Hatua ya 5: Sasa kasi

setCpuFrequencyMhz(80) mwanzoni mwa setup(). Usiende chini ya 80 WiFi ikiwa inatumika, haifanyi kazi. Redio ikiwa imezimwa, Espressif wanataja mA 30 hadi 68 kwa MHz 240, na mA 20 hadi 31 kwa MHz 80. Unachookoa kinapatikana kwenye zile sekunde chache za kuwa macho tu.

Ukituma kwa HTTPS, yaani data iliyosimbwa, usishushe hadi 80. Hesabu za usimbaji kwa MHz 80 huchukua muda mrefu zaidi, na muda wote huo redio iko macho ikila karibu mA 100 kwa kusikiliza tu. Hapo mimi huacha 160. MQTT (njia nyepesi ya kutuma data) isiyosimbwa, ndani ya mtandao wa nyumbani, haina shida na 80.