Kutafuta thamani ndogo kabisa kwa MIN katika SQL

Tuseme, katika hifadhidata unayoiuliza kwa lugha ya SQL, una jedwali liitwalo vipimo, lenye safu tatu: kituo, tarehe na joto. Unataka joto la chini kabisa lililorekodiwa.

Hatua ya 1. Anza na swali fupi:

SELECT MIN(joto) AS chini FROM vipimo;

Jibu ni namba moja tu. Jedwali likiwa tupu, utapata NULL (yaani hakuna thamani), si sifuri.

Hatua ya 2. Ukitaka la kila kituo, panga kwa makundi:

SELECT kituo, MIN(joto) AS chini
FROM vipimo
GROUP BY kituo;

Ukihitaji vituo vilivyoshuka chini ya sifuri pekee, malizia na HAVING MIN(joto) < 0. Usiiweke MIN ndani ya WHERE, maana WHERE huchuja mistari kabla makundi hayajaundwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama: joto hilo lilipimwa siku gani? Kishawishi ni kuongeza tarehe kwenye SELECT ya hapo juu. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL utakataa. Matoleo ya zamani ya MySQL, mfumo mwingine, yalikubali, yakakupa tarehe yoyote ya kundi lile bila onyo. Niliwahi kukabidhi ripoti nzima ya namna hiyo: joto sahihi, tarehe za uongo. MIN hurudisha thamani, hairudishi mstari ilikotoka. Mstari utautafuta mwenyewe, kwa kuunganisha (JOIN) jedwali na matokeo ya Hatua ya 2:

SELECT v.kituo, v.tarehe, v.joto
FROM vipimo v
JOIN (SELECT kituo, MIN(joto) AS chini
      FROM vipimo GROUP BY kituo) m
ON v.kituo = m.kituo AND v.joto = m.chini;

Kituo kikitokea mara mbili, usishtuke: siku mbili zimefungana kwa joto hilo hilo la chini. Ziache zote, ndivyo data ilivyo.

Hatua ya 4. Kagua data kabla hujaliamini jibu. MIN huruka NULL, na hilo ni jema. Lakini kuna vifaa vinavyoandika -999 kipimo kinapokosekana, na MIN itaidaka hiyo kwanza. Igeuze iwe NULL:

UPDATE vipimo SET joto = NULL WHERE joto = -999;

Tazama pia aina ya safu. Namba zikihifadhiwa kama maandishi, '10' hutangulia '9', kwa sababu herufi hulinganishwa moja moja kuanzia kushoto. Tumia MIN(CAST(joto AS DECIMAL(5,1))), au bora zaidi, badilisha aina ya safu yenyewe.